Patreon, Ko-fi, kitufe cha Jiunge cha YouTube au M-Pesa tu: unataka kumchangia mtu wako wa onlaini kila mwezi, hela ipite wapi?

Kuna watu wanafanya kazi kubwa sana onlaini kwa Kiswahili na hawana mwajiri wala mdhamini. Waandishi wa simulizi za kuendelea kule Facebook, sehemu ya kwanza mpaka ya sitini, wenye podikasti za historia ya pwani, mwalimu wa hesabu anayerekodi usiku watoto wakishalala, dada wa mapishi anayekupa vipimo vya ukweli sio "chumvi kiasi". Hela ya matangazo haiwatoi, maana mtazamaji wa Tanzania au Kenya anaingiza senti chache sana ukilinganisha na mtazamaji wa Marekani kwa video ile ile. Kwa hiyo wanaobaki kuwashika mkono ni sisi tunaowasoma na kuwasikiliza, na mimi naamini kabisa tunaweza, hata kwa buku mbili kwa mwezi.

Njia ziko nyingi, kuna hela ya simu kama M-Pesa, kuna majukwaa ya nje ya kuchangia kwa kadi kama Patreon na Ko-fi, kuna kitufe cha Jiunge cha YouTube, na kila moja ina wapiga debe wake. Ila naona wengi wanalinganisha kwa upande wa anayetoa tu, app ipi nzuri, ipi rahisi kubonyeza. Anza upande wa pili. Angalia hela inamfikaje mwenye kazi, imebaki ngapi, na mwezi ujao itakuja tena au ndo basi. Hayo ndo yanaamua kama mtu ataendelea kurekodi au atarudi kutafuta kibarua.

Kabla ya yote muulize mwenyewe

Hii watu wanairuka na ndo muhimu kuliko zote. Mtu wa Tanzania mwenye akaunti ya PayPal anaweza kulipa nayo lakini kupokea hawezi, wakati Mkenya anapokea na tangu 2018 anaihamishia M-Pesa moja kwa moja. Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi ambayo ndo inaendesha malipo ya Substack (jukwaa la waandishi) na huduma nyingine kibao, haifungui akaunti ya kawaida kwa mtu aliyeko Dar wala Nairobi. Ndo maana unaweza kukuta mwandishi mzuri yuko Arusha ana ukurasa wa michango unapendeza kabisa ila hela inaingia kwa binamu yake Ujerumani, binamu ndo anamtumia akipata nafasi. Au ukurasa upo tu, hajawahi kutoa hata senti.

Kwa hiyo mtumie meseji, andika tu "Habari kaka, napenda sana kazi zako, nataka niwe nachangia kidogo kila mwezi, njia ipi hela inakufikia vizuri?" Atafurahi, na jibu lake linaweza kukuondolea nusu ya maswali yote yanayofuata hapa chini.

Uko nyumbani? Simu yako inatosha, karibu mara zote

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu wengi tunaosoma hii tuko Tanzania na Kenya, na tunaambiwa habari za Patreon kana kwamba M-Pesa haipo, wakati ipo Kenya tangu 2007 na Tanzania tangu 2008 na kila mtu anaijua hadi bibi.

Chukua Kenya. Kutuma shilingi 100 kwenda chini ni bure, kuanzia 101 hadi 500 unakatwa 7, kutoka 501 hadi 1,000 unakatwa 13. Mwenye podikasti akichangiwa na watu hamsini, kila mmoja mia, anazo 5,000 kamili kwenye simu, akienda kwa wakala anazitoa zote mara moja kwa shilingi 69. Yaani katika 5,000 imepotea 69. Hakuna jukwaa lolote la kizungu litakalokufikishia mia yako kwa makato hayo, hakuna hata moja, na hii ndo sababu mimi nikiulizwa na mtu aliye Nairobi au Mombasa sifikirii mara mbili. Akiwa na till, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo, ni rahisi zaidi, wewe mlipaji hukatwi kitu, yeye ndo anakatwa asilimia ambayo haifiki moja.

Tanzania makato yanatofautiana kati ya Vodacom, Airtel, Yas na Halotel, na ukituma kwenda mtandao mwingine nayo ina bei yake, kwa hiyo uliza ana laini gani kabla hujatuma. Zile tozo za miamala zilizoanza Julai 2021 zilipunguzwa baadaye baada ya watu kupiga kelele sana, lakini kutuma na kutoa bado ni gharama mbili tofauti. Ndo maana ule utaratibu wetu wa kutuma "na ya kutolea" ni wa maana sana, ukimtumia 5,000 weka na ya kutolea, usimwachie yeye. Akiwa na lipa namba, ambayo ni kama till ya Kenya, lipa huko, inamsaidia pia kutenga hela ya kazi na hela ya nyumbani.

Raha nyingine ya njia hii ni kwamba hakuna mtu katikati. Ni kama kumtunza mwimbaji wa taarab, unainuka mwenyewe unaenda unampa noti yake mkononi, anakuona na wewe unamuona.

Sasa ubaya wake. Wa kwanza ni kusahau. Mwezi wa kwanza umetuma kwa moyo mkunjufu, wa pili umetuma, wa tatu ada za shule zimeingia, wa nne hukumbuki tena na wala hujakusudia. Kwa mwenye kazi hiyo ndo inaumiza, maana bili zake zinakuja kwa kalenda, bando, umeme, kodi ya chumba, na kwa baadhi yao Tanzania leseni pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipoanza, mwenye blogu alitakiwa alipe 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni ya kuanzia na milioni nyingine kila mwaka, na blogu kadhaa zilifungwa wakati ule, baadaye ada zikashushwa. Mtu mwenye gharama za namna hiyo anafurahi kupata laki moja kwa mkupuo, anashukuru sana tu, ila kitakachomfanya apange mwaka ni elfu kumi ambayo ana uhakika nayo.

Kenya dawa ya hili imeshapatikana. Oktoba 2024 Safaricom walileta M-Pesa Ratiba, unaingia kwenye app au *334#, unaweka namba au till, unaweka kiasi, unachagua iwe kila wiki au kila mwezi, unaweka na tarehe ya mwisho, basi inajituma yenyewe. Wengi wanaitumia kwa kodi ya nyumba na mchango wa chama cha kuweka akiba, sijui kwanini hatuitumii kwa watu wanaotufundisha na kutuburudisha kila siku. Kwa asiye na huduma ya namna hiyo weka alamu ya simu siku ya mshahara, iite jina la huyo mtu, ukiiona tu unatuma hapo hapo kabla hela haijapata kazi nyingine.

Ubaya wa pili ni matapeli. Simulizi ikipendwa tu kuna kurasa zinaikopi nzima nzima na kuweka namba nyingine chini, "ukitaka yote tuma 2,000". Wote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Namba ichukue kwenye ukurasa wake wa asili, na kabla hujaweka PIN soma jina linalotokea, likiwa tofauti na ulilotegemea simama muulize.

Wa tatu ni kazi anayobaki nayo yeye. M-Pesa haimtunzii orodha ya wanachama. Waandishi wengi wa simulizi wanafungua grupu la WhatsApp la waliolipia, kila mwisho wa mwezi wanakaa na meseji za malipo na orodha ya grupu, nani kalipa nani hajalipa, nani atolewe, halafu kuna mtu ndani anafowadi kila kipande nje. Ni muda mwingi unaokatwa kwenye kuandika. Ukiwa mchangiaji msaidie, ukituma tu mwandikie "mchango wa mwezi huu, namba ni hii", usimwachie atafute.

Patreon

Ilianzishwa 2013 Marekani na Jack Conte na Sam Yam. Conte ni mwanamuziki, aliona video zinatazamwa sana na hela ya matangazo haifiki popote, ndo wakaja na wazo la mashabiki kulipa kila mwezi. Nguvu yake kubwa ni hiyo hiyo, kadi inakatwa yenyewe, mwenye kazi anaona orodha yake, anajua mwezi ujao kutakuja kama kiasi gani. Anapata pia barua pepe za wachangiaji, ikitokea siku amehama jukwaa anaweza kuwaambia yuko wapi.

Makato sasa. Aliyefungua ukurasa kuanzia Agosti 2025 anakatwa asilimia 10, wa zamani wengine wako kwenye mipango ya 8 au 12. Juu ya hiyo kuna makato ya malipo yenyewe, kwa mchango wa dola 3 au chini ni asilimia 5 na senti 10, ukizidi dola 3 ni asilimia 2.9 na senti 30. Piga hesabu kwa ukurasa mpya, dola 1 ikitoka kwako inabaki kama senti 75. Dola 3 inabaki 2.45. Dola 5 inabaki kama 4.05. Na hapo bado haijaondoka Patreon kwenda kwake, kama yuko Tanzania mara nyingi atapitia Payoneer, huduma ya kupokelea hela kutoka nje, ambayo nayo ina makato ya kuhamishia benki na ada ya mwaka karibu dola 30 kwa akaunti isiyopokea nyingi. Mwenye wachangiaji watano wa dola 1 kwa kweli anafanyia kazi makato.

Hiyo ishu ya dola moja moja ilishaleta vurugu. Desemba 2017 Patreon walitangaza kwamba mchangiaji mwenyewe ndo ataongezewa asilimia 2.9 na senti 35 kwa kila mchango, watu waliokuwa wanatoa dola moja kwa watu kumi tofauti wakaona gharama imeruka ghafla, wakaanza kujitoa kwa wingi, na ndani ya wiki moja hivi kampuni ikaomba radhi ikaufuta mpango. Nakumbusha hii kwa sababu inaonyesha wachangiaji wadogo ni wengi na wana sauti, na inaonyesha pia kwamba kwenye jukwaa la mtu sheria zinaweza kubadilika asubuhi moja.

Kuna kitu kimoja cha kuzingatia sana kama unatumia iPhone. Ukijiunga kupitia app ya Patreon ndani ya iPhone kuna mgao wa Apple wa asilimia 30 kwa uanachama mpya, na bei huwa inapandishwa ili kuufidia, kwa hiyo ama wewe unalipa zaidi ama yeye anapata pungufu. Fungua Patreon kwenye brauza, Safari au Chrome, jiunge huko, lipa, halafu rudi kwenye app usikilize kwa raha zako.

Kama anatoa nafasi ya kulipa mwaka mzima chukua hiyo, zile senti 30 zinakatwa mara moja badala ya mara kumi na mbili.

Kitufe cha Jiunge cha YouTube

Ni rahisi kuliko zote, tayari uko hapo unatazama, unabonyeza, kadi ishawekwa. Lakini kwenye mapendekezo yangu naiweka ya mwisho kabisa.

YouTube inachukua asilimia 30 ya uanachama, mwenye chaneli anabaki na 70. Kwa uanachama wa dola 4.99 anabaki na kama 3.49. Sasa sikiliza ndugu yangu uliyeko Marekani. Kodi ya Marekani inakatwa kwenye mapato yanayotokana na watazamaji wa huko, na uanachama umo ndani, na kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani basi ni asilimia 30 ya kile kilichobaki. Kwa hiyo wewe uko Minneapolis, unampenda mwalimu wako wa Tanga, umebonyeza Jiunge kwa dola 4.99, kwake inafika kama 2.44, haifiki hata nusu. Aliye London au Muscat hilo la kodi ya Marekani halimgusi, ila 30 ya YouTube iko pale pale.

Juu ya hayo hela inasubiri mpaka akaunti yake ya AdSense, ile ya Google inayowalipa wenye chaneli, ifike dola 100 ndo inatoka. Na chaneli yenyewe lazima iwe imeingia kwenye mpango wao, kwa ngazi ya kwanza subskraiba 500, video tatu ndani ya siku 90, na masaa 3,000 ya kutazamwa ndani ya mwaka au video fupi zitazamwe mara milioni 3 ndani ya siku 90. Mtu anayeanza hana hivyo, na anayeanza ndo anahitaji msaada kuliko wote.

Nasema hivi sio kwamba kitufe ni kibaya. Kama mwenye chaneli ameshajipanga na wanachama wake wako huko, wana gumzo lao wakati wa mubashara na alama zao pembeni ya majina, jiunge nao, hata ile kuonekana tu mko wengi inampa nguvu. Ila kama lengo lako ni hela ifike, mtafutie njia nyingine.

Ko-fi na Substack kwa kifupi

Ko-fi ni ya Uingereza. Mchango wa mara moja hawachukui kitu kabisa, wa kila mwezi wanachukua asilimia 5 kwa mwenye akaunti ya bure, na hela inaenda moja kwa moja kwenye PayPal au Stripe ya mpokeaji, ambao nao wana makato yao. Kwa Mkenya mwenye PayPal inayopokea ni njia nzuri sana, nzuri kuliko Patreon kama hana haja ya kutoa vitu maalum kwa ngazi ngazi. Kwa aliyeko Tanzania inakwama pale pale pa PayPal.

Substack ni ya waandishi, ipo tangu 2017, inachukua asilimia 10 halafu Stripe inachukua yake. Kizuri ni kwamba orodha ya wasomaji ni mali ya mwandishi, akiondoka anaondoka nayo. Kwa kuwa inategemea Stripe, waandishi wa Kiswahili walio huko na wanalipwa mara nyingi ni wale wanaoishi Ulaya au Amerika, na bei ya chini ni dola 5 kwa mwezi ambayo kwa msomaji wa Morogoro sio hela ndogo.

Hapo kuna jambo la kuangalia ambalo sio makato. Kuna kuchangia kazi ibaki wazi kwa wote, na kuna kulipia ili mlango ufunguliwe kwako tu. Zote ni halali, mtu ana haki ya kuuza jasho lake. Lakini Kiswahili kizuri onlaini bado ni kidogo mno, historia, sayansi, afya, sheria, ukitafuta unakuta ukurasa mmoja mwembamba halafu basi. Kila kinachofungiwa kwa kadi ya Visa kinamkosa mwanafunzi wa kata aliyekopa bando. Kwa hiyo nikiwa na elfu kumi na watu wawili, mmoja anaweka kila kitu wazi na kuomba mwenye nacho achangie, mwingine anafungia, nitaanza na wa kwanza. Na wewe ukichangia mwambie wazi, "mimi sihitaji zawadi wala kipande cha siri, endelea kuweka kwa wote." Inampunguzia kazi ya kutengeneza vitu vya wanachama tu, ambayo wengi inawachosha kuliko kazi yenyewe.

Kwa hiyo wewe uende wapi

Uko Kenya, naye yuko Kenya: M-Pesa kwa Ratiba, till kama anayo. Uko Tanzania naye yuko Tanzania: lipa namba au tuma na ya kutolea, alamu siku ya mshahara. Mmoja huku mmoja kule nako kunawezekana, M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zimeunganishwa tangu 2015, ila angalia kiwango cha kubadilisha hela, ni afadhali kutuma kikubwa mara moja kuliko vidogo vidogo.

Uko nje na kadi, naye yuko nyumbani: hapa inategemea unavyojijua. Kama ni mtu wa kukumbuka, mtumie moja kwa moja kwenye simu yake kwa Sendwave, Remitly, WorldRemit, unayoitumia kumtumia mama, kusanya miezi mitatu utume dola 15 mara moja, maana makato mengi yana kile kipande kisichobadilika kinachokula hela ndogo. Linganisha wanavyobadilisha dola siku hiyo, wengine hawaandiki ada ila faida yao iko kwenye kiwango. Kama unajijua utasahau, nenda Patreon kwa brauza, dola 5 kwenda juu au ya mwaka. Asilimia kumi na kitu ikikatwa kila mwezi kwa miaka miwili bado amepata zaidi kuliko mchango mmoja uliofika mzima halafu ukakata.

Yeye yuko nje pia: Ko-fi kwanza, Substack kama ni mwandishi.

Kuhusu kiasi, toa ambacho mwezi mbaya hautakusumbua. Kiasi unachoweza kukitoa hata Januari. Usianze na elfu hamsini kwa msisimko wa episodi moja nzuri.

Na siku ukilazimika kuacha, mambo yamebana, kazi imeisha, usipotee kimya. Mwandikie mistari miwili wiki moja kabla, "dada, kuanzia mwezi ujao nitasimama kidogo, kazi yako naipenda vile vile", ili kama alikuwa amekuhesabu kwenye bando la mwezi unaokuja ajipange mapema.